Mita Mbili Mbele ya Makiwara: Upinde wa Jadi Unapoingia Ndani ya Nyumba

Katika kyudo, yaani upigaji upinde wa jadi wa Japani, shabaha ya kawaida ni duara lenye kipenyo cha sentimita 36 lililowekwa umbali wa mita 28 kutoka kwa mpigaji, lakini anayeanza kujifunza hukaa miezi kadhaa bila kuruhusiwa kuipigia. Husimamishwa kwanza mita mbili hivi mbele ya tita la mabua ya mpunga lililokazwa kwa kamba na kupandishwa juu ya kigoda kirefu hadi usawa wa mabega, na kwa umbali huo hata mtoto asiyewahi kushika upinde hawezi kulikosa. Tita hilo huitwa makiwara, neno ambalo wapenzi wa karate hulifahamu kwa maana nyingine, kwa kuwa nguzo inayopigwa ngumi katika mchezo huo nayo ilizungushiwa kamba za mabua na ikapewa jina lilelile.

Kwa kuwa makiwara haihitaji uwanja, iliuwezesha upinde kuingia barazani, ghalani na hata chumbani, na kwa hiyo inatoa jibu la swali linalowasumbua wapenzi wa upinde wa jadi wanaoishi katika miji iliyobanana, nalo ni kama silaha iliyozaliwa porini na kukulia vitani inaweza kufanyiwa mazoezi chini ya dari. Wengi hudhani kwamba mazoezi ya aina hiyo ni ya kujifariji tu, mfano wa mtu anayejifunza kuogelea kwenye beseni. Historia ya fani yenyewe inaonyesha vingine, kwa sababu walimu wa zamani waliokuwa na viwanja vipana mbele yao waliuchagua umbali huu mfupi kwa makusudi, wakauweka mwanzoni mwa masomo yao.

Digrii moja ya kosa

Sababu ya uchaguzi huo inaeleweka kwa hesabu ndogo. Mshale unaoachiwa ukiwa umepinda kwa digrii moja tu kutoka kwenye mwelekeo sahihi hufika mita 28 ukiwa umekengeuka kwa karibu sentimita 49, yaani mbali kabisa na shabaha ambayo kutoka katikati hadi ukingoni ina sentimita 18, ilhali mshale huohuo ukipigwa kwa umbali wa mita mbili hukengeuka kwa sentimita tatu na nusu, tofauti ambayo mtu asiye makini hata haitambui. Kwa hiyo umbali mrefu hukuza matokeo ya kosa, na mwanafunzi anayeona mshale wake ukichoma udongo kando ya shabaha huvutwa kuyarekebisha matokeo hayo papo hapo: akiona umekwenda kulia, husogeza mkono kushoto, na kosa lenyewe, ambalo huenda lilianzia kwenye bega lililopanda au kidole kilichobana, hubaki palepale likiwa limefunikwa na kosa la pili.

Mbele ya makiwara hakuna matokeo ya kukimbilia. Mshale utaingia kwenye mabua vyovyote iwavyo, kwa hiyo jicho hukosa kazi ya kuhukumu, na umakini wote hurudi mwilini, kwenye nyayo, kiuno, mgongo na namna vidole vinavyouachia upote, yaani uzi wa upinde. Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika fani hii kuinama huko ni kukubali kwa muda kutojua kama mshale ungepata au ungekosa.

Fikra moja, nchi tofauti

Wajapani hawakuwa peke yao katika kuitambua faida hii. Nchini Uchina, ambako upigaji upinde kwa miguu na juu ya farasi ulikuwa sehemu ya mitihani ya kijeshi hadi mitihani hiyo ilipofutwa mwaka 1901, mwandishi Gao Ying alitoa mwaka 1637 kitabu cha mafunzo kilichosisitiza kwamba mwanafunzi aanze kwa kupiga tita la mabua lililo karibu naye kabla ya kuelekezwa kwenye shabaha ya mbali. Hoja yake ilitokana na maisha yake mwenyewe, kwani alikiri kuwa mazoea mabaya aliyoyaokota ujanani, alipokimbilia shabaha kabla mwili haujakomaa, yalimsumbua kwa miaka mingi na yalikuwa magumu kung'oka. Katika Misri na Shamu ya karne ya 14, chini ya utawala wa Wamamluki, mtaalamu Taybugha aliandika mwongozo wa upinde ambamo mwanafunzi huanza na upinde laini, akapanda hatua kwa hatua hadi upinde wa vita.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika dola ya Uthmaniya. Baada ya Sultani Mehmed II kuiteka Konstantinopoli mwaka 1453, eneo liitwalo Okmeydanı, yaani uwanja wa mishale, lilitengwa kwa ajili ya wapiga upinde, na humo yalifanyika mashindano ya kurusha mshale mbali ambayo kumbukumbu zake bado zimechongwa kwenye nguzo za mawe. Ili akubaliwe kuwa mpiga upinde kamili, mwanafunzi alipaswa kuurusha mshale hadi umbali wa gez 900, kipimo ambacho kwa hesabu ya leo ni takriban mita 594, zaidi ya urefu wa viwanja vitano vya mpira vilivyopangwa mstari mmoja. Hata hivyo, njia ya kufikia umbali huo ilianzia mahali padogo sana. Kwanza alipewa kepaze, upinde dhaifu wa kujifunzia, akauvuta na kuurudisha taratibu bila mshale, idadi ya mivuto ikiongezwa kadiri siku zilivyokwenda, kisha akasogezwa mbele ya torba, mfuko uliojazwa na kushindiliwa, ukawekwa juu ya kigoda usawa wa bega, akaupiga kutoka hatua chache tu. Torba iliweza kuwekwa ndani ya chumba, na mafunzo yake yalielezwa kwa kina katika kitabu cha Mustafa Kani kilichoandikwa katika miaka ya 1830 kwa agizo la Sultani Mahmud II, ambaye naye alikuwa mpiga upinde hodari. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliuingiza upigaji upinde wa jadi wa Uturuki katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine. Lugha ya Kiswahili ina hazina yake ya maneno ya fani hii, kama vile uta kwa maana ya upinde, podo kwa mfuko wa kuhifadhia mishale, wano kwa ule ufito wa mshale, na kigumba au chembe kwa ncha yake ya chuma, na jamii kama Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, au Wawaata wa nyika ya pwani ya Kenya waliosifika kwa pinde nzito za kuwindia tembo, zilimlea mpiga upinde tangu utotoni. Lakini shule yao ilikuwa pori lenyewe, na shabaha zilikuwa ndege, panya na matunda yaliyoning'inia, kwa sababu mwindaji aliyetaka kula alihitaji kujua kunyemelea na kukadiria umbali kabla ya kujua kusimama vizuri. Shule ya tita la mabua ilistawi zaidi pale upinde ulipokuwa taaluma ya kijeshi au ya heshima, yenye walimu, vyeo na muda wa kutosha wa kurekebisha kosa dogo.

Makiwara kwa karibu

Makiwara iliyotengenezwa vizuri ni nzito kuliko inavyoonekana. Mabua hulazwa yote upande mmoja, yakabanwa kwa kamba inayozungushwa mara nyingi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha uso wake hukatwa ukawa sawa, hivi kwamba mpigaji anatazama maelfu ya ncha za mabua wala si ubavu wake. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa mshale unaoingia kwa kufuata urefu wa mabua huyapenya katikati yake bila kuyavunja, ukapunguzwa mwendo na msuguano wa pande zote, na mabua hujirudi unapochomolewa. Mshale wenyewe mara nyingi hauna manyoya, kwa sababu kazi ya manyoya ni kuunyoosha mshale angani, na katika mita mbili hakuna nafasi ya kuifanya kazi hiyo, ilhali mabua yangeyachakaza kwa siku chache. Kuuchomoa nako kuna utaratibu: mkono mmoja huyakandamiza mabua karibu na mshale, mwingine huuvuta moja kwa moja kwa kufuata mstari wake, baada ya mpigaji kuhakikisha hakuna mtu aliyesimama nyuma yake.

Mbele ya tita hilo mwanafunzi hupitia hatua nane, ambazo katika kyudo huhesabiwa kuwa tendo moja lisilokatika. Huweka nyayo kwa upana unaolingana na urefu wa mshale, husimamisha kiwiliwili, huandaa mikono na kugeuza uso kuelekea shabaha, huuinua upinde juu ya kichwa, huuvuta kwa kuifungua mikono huku akiushusha, hutulia akiwa ameuvuta hadi mwisho, huuachia, kisha hubaki katika hali ileile kwa muda mfupi baada ya mshale kuondoka. Upote huvutwa kwa kidole gumba kilichokingwa na glavu ya ngozi ya kulungu, tofauti na desturi ya Ulaya ambako huvutwa kwa vidole vitatu vya katikati, na upinde hushikwa chini ya katikati yake, kiasi kwamba karibu theluthi mbili ya urefu wake hubaki juu ya mkono.

Mwalimu aliyesimama kando anaweza kuusoma mshale uliokwama. Ukiwa umelala sawa na sakafu, ni dalili kwamba mikono miwili ilifanya kazi kwa ulinganifu, na mkia wake ukiwa umeinuka au umeelemea upande, kuna jambo la kuchunguzwa. Lakini usomaji huo una mipaka, kwani mshale ukiachiwa hausafiri ukiwa umenyooka: hupinda na kujipindua mara kadhaa kama samaki anayeogelea kabla ya kutulia, na katika mita mbili bado haujamaliza kujipinda, hivyo mkia ulioelemea upande unaweza kuwa umenaswa tu katikati ya mtikisiko wake wa kawaida. Ndiyo maana mwalimu mzoefu huutazama mwili kwanza, na mshale baadaye.

Ugonjwa wa haraka

Umbali mfupi una kazi nyingine ambayo mwanafunzi mpya hawezi kuithamini, kwa kuwa ugonjwa unaotibiwa nao huwapata wale ambao tayari wanajua kulenga. Wajapani huuita hayake, yaani kuachia mapema. Mpigaji aliyekuwa akitulia sekunde kadhaa baada ya kuuvuta upinde hujikuta, pindi tu shabaha inapoingia machoni, vidole vyake vikifunguka kabla hajaamua, na kadiri anavyojilazimisha kusubiri ndivyo mkono unavyozidi kumtoroka. Wapiga upinde wa Ulaya na Marekani nao wanaijua hali hii, na wanaielewa kuwa aina ya hofu inayosababishwa na shabaha, kwani mwili umejifunza kuunganisha kuona na kuachia kiasi kwamba hauwezi tena kuvitenganisha.

Dawa inayotolewa katika tamaduni zote mbili ni kumrudisha mpigaji kwenye mabua. Mgonjwa huondolewa shabaha, husimamishwa tena mbele ya makiwara, wakati mwingine akiwa amefumba macho, akauvuta na kuurudisha upinde bila kuachia hata mara moja, hadi ule uhusiano wa jicho na kidole ukatike. Matibabu hayo yanaweza kuchukua miezi, na kuwepo kwa makiwara nyumbani hurahisisha mambo, maana mazoea hubadilishwa zaidi na marudio mafupi ya kila siku kuliko saa nyingi za siku moja kwa wiki.

Sifa ya makiwara ilienea nje ya Japani kwa sehemu kubwa kupitia kitabu cha Mjerumani Eugen Herrigel, mwalimu wa falsafa aliyefundisha katika mji wa Sendai kuanzia mwaka 1924 hadi 1929 na kujifunza upinde kwa Awa Kenzo, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1948 jinsi alivyozuiliwa miaka mingi mbele ya tita la mabua. Wasomaji wengi waliipokea simulizi hiyo kama fumbo la dini ya Zen, ingawa mtafiti Yamada Shoji alionyesha baadaye kwamba Herrigel alimwelewa mwalimu wake kwa msaada wa mkalimani na kwamba Awa mwenyewe hakuwa mtu wa Zen kwa maana hiyo. Mantiki ya kumweka mwanafunzi karibu, kama Wachina na Waturuki wanavyothibitisha, haihitaji fumbo lolote ili ieleweke.

Chini ya dari

Anayetaka kuyaleta mazoezi haya nyumbani hukutana kwanza na dari. Upinde wa Kijapani una urefu wa kawaida wa sentimita 221, na kwa kuwa sehemu kubwa iko juu ya mkono, unapoinuliwa juu ya kichwa ncha yake hupita mita tatu kutoka sakafuni, kimo ambacho vyumba vingi vya kuishi havina. Wajapani wenyewe hulitatua tatizo hilo kwa kifaa kiitwacho gomuyumi, kipini kifupi kilichofungwa mpira wa kuvutika, ambacho humwezesha mtu kupitia hatua zote nane katika chumba cha kawaida bila kutoboa dari na bila mshale. Pinde fupi za jamii ya Kituruki, Kikorea au Kimongolia hazina shida hiyo, na hivyo hukifaa zaidi chumba kidogo.

Tatizo la pili, ambalo halina mzaha, ni usalama. Mshale kutoka upinde wa kujifunzia wenye nguvu ya kilo 10 hivi huondoka kwa mwendo unaoweza kufika mita 40 kwa sekunde, karibu kilomita 144 kwa saa, na ndani ya nyumba hakuna masafa ya kuupunguza mwendo huo. Kwa sababu hiyo chumba kinapaswa kuwa na mlango mmoja ulio nyuma ya mpigaji, usio na uwezekano wa mtoto kuingia kutokea upande wa shabaha, na nyuma ya tita huning'inizwa blanketi zito au zulia lililoachwa likining'inia bila kukazwa, kwa kuwa kitambaa kinachocheza hunyonya nguvu ya mshale, ilhali kilichokazwa hutobolewa na ukuta mtupu huurudisha mshale kwa aliyeupiga. Mshale wenyewe uwe mrefu kuliko mvuto wa mpigaji kwa sentimita tano au zaidi, kwani mshale mfupi ukivutwa kupita kiasi huangukia upande wa ndani wa upinde na kuuchoma mkono ulioushika, na kila mshale wa mti au wa kaboni huchunguzwa nyufa kabla ya kutumika.

Kosa linalofanywa zaidi na wanaojizoeza nyumbani ni kuuvuta upinde halisi na kuuachia ukiwa mtupu. Nguvu iliyowekwa katika upinde uliovutwa hukusudiwa kubebwa na mshale, na mshale usipokuwepo hurudi kwenye mwili wa upinde, ukapasuka papo hapo au ukajenga ufa utakaojitokeza baadaye. Anayefanya zoezi bila mshale sharti aurudishe upote taratibu kwa mikono yake, kama walivyofanya wanafunzi wa kepaze.

Pale mabua yasipopatikana, gunia lililoshindiliwa nguo chakavu hadi likawa gumu kama mto wa mbao huzuia mshale wa upinde laini, mradi nguo hizo zimetolewa vifungo na zipu zote, ambazo huharibu ncha ya mshale au kuurusha pembeni. Gunia la namna hiyo, likiwekwa juu ya stuli usawa wa bega, linafanana na torba ya Istanbul kuliko linavyofanana na kifaa chochote cha kisasa.

Yasiyofundishwa na chumba

Makiwara haifundishi kila kitu, wala walimu wake hawakudai hivyo. Haimwonyeshi mpigaji jinsi mshale unavyopanda na kushuka katika safari ndefu, haina upepo, haina jua la kumwingia machoni, na haimweki mbele ya watazamaji. Mashindano ya kimataifa ya ndani ya ukumbi, ambayo ubingwa wake wa dunia ulianza mwaka 1991 katika mji wa Oulu nchini Finland, hutumia umbali wa mita 18, na umbali huo mfupi kiasi tayari unadai mambo ambayo sebule haiwezi kuyatoa. Mtu anayepiga gunia nyumbani kwa mwaka mzima bila kutoka nje anaweza kuwa na umbo zuri la mwili na bado akashindwa kuikaribia shabaha ya kwanza atakayokutana nayo.

Hata hivyo, katika kumbi za kyudo si wanaoanza tu wanaoonekana mbele ya mabua. Wenye vyeo vya juu nao hupiga mishale yao ya kwanza ya siku hapo kabla ya kuingia kwenye safu ya mita 28, na humo ndimo inapoonekana desturi ndogo inayoeleza mengi. Mpigaji hodari akielekeza kila mshale katikati, mabua ya hapo hulegea, shimo hupanuka, na siku moja mshale hupita hadi upande wa pili, kwa hiyo hufundishwa kubadilisha mahali anapopiga, mara juu kidogo, mara pembeni, ili tita lidumu. Mazoea ya kutafuta katikati, ambayo shabaha huyalea, makiwara huyanyima nafasi, na anayepiga mbele yake kwa miaka mingi huishia kupima kazi yake kwa jinsi mgongo ulivyofunguka na vidole vilivyoachia, kwa kuwa tundu lililobaki kwenye mabua halimwambii lolote.